Wageni Walikula Kalamu

Mwalimu Gwantwa na simu yake walikuwa chanda na pete. Shule yake ya Ibaba haikuwa hata na picha ukutani, basi yeye alirekodi kila kitu: mahindi yakichipua, mto ukifurika, hata treni siku aliyoiona Tunduma. Watoto wa darasa la pili walimzunguka, wakatazama, wakaelewa. Jioni aliwatumia wazazi video za watoto wao wakisoma, kwenye kundi lao la simu, nao wafurahi.

Hakuwa na nia mbaya, tuseme ukweli. Alimrekodi Ketrina kwa sababu ndiye aliyesoma kama maji. Mtoto akasimama, kifua mbele, akasoma: "Wageni walikula kalamu."

Kitabuni iliandikwa karamu. Lakini kwa kina Ketrina wanaongea Kindali, na hiyo r haipiti mdomoni hivi hivi. Gwantwa mwenyewe ni Mndali, wala hakusikia kosa. Akasema, "Vizuri sana," akaituma.

Mzazi mmoja akairusha nje ya kundi. Kufika Tunduma, watu wakaitia muziki na vicheko. Wiki haikuisha, wanafunzi wakubwa wakawa wanamnyooshea Ketrina kalamu zao: "Shika, kula."

Ketrina akanyamaza. Si kusoma, si kuitika jina lake. Gwantwa aliwakemea wale wakubwa, akafuta video, akaomba kila mtu afute, lakini ilikuwa imeshasambaa. Roho ilimuuma. Alitaka kitu kimoja tu, amsikie yule mtoto akisoma tena.

Jumamosi alipanda kilima kwenda kumwomba radhi mama yake Ketrina. Hajapiga hodi, akasikia sauti nyuma ya jiko. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, na Ketrina amekaa kwenye gogo na kitabu chake.

"Ka-ra-mu. Wageni walikula karamu."

Ilikuwa r yenyewe, imenyooka. Akafungua ukurasa wa pili, akasoma bila kukwama.

Mama alimwona mwalimu, akatabasamu, akamwashiria asogee taratibu. Machozi yalimlengalenga Gwantwa. Jamani, furaha nayo ina wazimu wake: kabla hajajua anafanya nini, mkono ulishaingia mfukoni ukatoa simu.

Ketrina akainua macho, akaiona. Akafunga kitabu.

"Sirekodi, mwanangu," Gwantwa alisema. "Tazama, nairudisha. Wewe soma tu."

Mtoto alimtazama mama yake, akainuka, akaingia ndani.

Mama akachukua hindi jingine. "Karibu, mwalimu," alisema, bila kumtazama.