Uso wa Redio Nilioupanga kwa Kufuata Barabara

Mtakaosoma, mniwie radhi. Mwandiko wangu unalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na huenda herufi nyingine nimeziruka. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Jambo hili nimejaribu kulisimulia kwa mdomo nikashindwa, maana watu wakinitazama maneno hunikimbia. Ila mistari naiweza. Rula ikiwa mkononi, mstari wangu haupindi.

Ni kwa ajili ya mistari hiyo shemeji alinipa kazi. Nilikuwa nikiishi Kihesa, Iringa, kwa dada yangu na mume wake, seremala. Mwaka ule Wachina walikuwa wakijenga reli upande wa Makambako, na watu wengi walikuwa wamenunua redio. Redio zikianguka, maganda yake yalivunjika. Fundi wa redio wa mjini alitengeneza mambo ya ndani, shemeji akaunda boksi jipya la mbao, nami nikachora uso. Uso ni ile sehemu ya mbele yenye majina ya miji, ambapo mshale mwekundu hutembea ukizungusha kifundo cha kutafutia stesheni. Niliuchora kwa wino kwenye karatasi ngumu, kisha shemeji akaufunika kwa kioo.

Nyuso mbili za kwanza nilinakili tu vioo vya zamani. Redio ya tatu ndiyo iliyonichanganya.

Aliileta mfugaji mmoja kutoka Ubaruku, mtu mrefu aliyekuwa amehamia Usangu na ng'ombe wake akitokea Usukumani. Redio ilikuwa ndani ya gunia.

"Imefanya nini?" shemeji akauliza.

"Ng'ombe ameilalia."

"Ng'ombe wenu wanasikiliza salamu?"

"Wanasikiliza, ila wa kwetu hawavai blanketi kwa baridi kama watu wa hapa Kihesa."

Wakacheka. Kisha yule mzee mfugaji akaacha kucheka. Akasema redio ile si yake, ni ya mkewe. Baba wa huyo mama alikuwa mgonjwa sana huko kwao, na barua zilichelewa. Mkewe alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo kila siku, saa saba mchana. "Asiyakose," akasema. "Andika vizuri, kijana. Yeye hasomi, lakini mtoto wetu yuko darasa la tatu, atamsomea."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Kioo cha zamani kilibaki vipande vitano. Kwenye kipande kimoja palikuwa na tone la nta, nikalikwangua kwa kisu nikidhani ni uchafu. Majina yaliyosomeka yalikuwa ya miji nisiyoijua. Nikamwonyesha shemeji.

"Hiyo ni Ulaya," akasema. "Nani Ubaruku anataka kwenda Ulaya? Weka miji yetu."

Nikabaki na miji yetu na karatasi tupu. Hapa lazima niseme ukweli ingawa naona aibu. Kwetu hapakuwa na redio. Nilikuwa nikiisikia dukani, nikiwa nje, na sikuwahi kukishika kile kifundo. Nilidhani mshale husafiri kama basi. Nilidhani kila mji una sauti yake, na kwamba sauti ya Iringa hatuisikii kwa kuwa sisi tumo ndani yake. Basi nikaandika Dar es Salaam mwisho wa kulia, halafu Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, na Lusaka mwisho wa kushoto. Hata nafasi za katikati nilizipima kwa jinsi basi linavyochelewa. Dada aliniambia ni kazi nzuri kuliko zote. Shemeji naye hakuona kosa. Aligongea kioo, fundi wa mjini akarudisha mambo ya ndani, akajaribu sauti, ikalia. Hakuna aliyetazama mshale umesimama wapi.

Wiki ya tatu yule mzee alirudi na gunia lake. Hakumsalimu mtu. Akaliweka juu ya meza ya randa.

"Imeharibika tena?" shemeji akauliza.

"Haijaharibika. Inasema uongo."

Akatueleza. Mtoto alisoma "Dar es Salaam", mama akapeleka mshale pale. Akasikia mluzi na watu wa lugha nyingine. Akadhani ni hali ya hewa, akangoja. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakuthubutu kupeleka mshale kwingine kwa sababu imeandikwa. Siku ya sita, mashineni walikokwenda kukoboa mpunga, mpagazi mmoja akamwuliza mbona halii, kwa kuwa yeye amesikia redioni kifo cha baba yake, tangazo likiwataja yeye na mumewe walioko Ubaruku. Tangazo lilikuwa limesomwa siku nne kabla.

Shemeji alivua kofia. "Poleni sana, mzee. Lakini hata angesikia, Ubaruku mpaka kwao ni mbali. Wangezika kabla hajafika."

"Nami nilimwambia hivyo," mzee akasema. "Akanijibu, 'Kufika ni jambo jingine. Ningelia siku moja na ndugu zangu. Siku ile mimi nilikuwa nacheka.'"

Kisha shemeji akanigeukia. "Shemeji, aliyeandika ni wewe. Nenda ukaandike tena."

Kesho yake alfajiri tulipanda basi la Mbeya, mimi na yule mzee, gunia mapajani mwangu. Nilitazama njia yote. Tulipita Makambako pale pale nilipoiweka. Nikazidi kuchanganyikiwa: miji ilikuwa sawasawa, sasa kosa liko wapi? Nilitaka kumwuliza mzee, nikashindwa. Tukashuka Igawa, tukamalizia safari kwa lori la mpunga.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitambaa kichwani. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumpa pole tangu Makambako. Yalitoka mawili tu: "Pole, mama."

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, mama."

"Mdogo hivi." Akachukua redio, akaiweka mapajani. "Toa kioo."

Nikakitoa. Akazungusha kifundo taratibu, sikio likiwa karibu, nami nikashika penseli. Mluzi, nyimbo, mluzi. Kisha sauti ya Kiswahili ikaja safi. Mshale ulikuwa umesimama kati ya Makambako na Mbeya.

"Hapa," akasema. "Zamani niliweka nta hapa. Iko wapi nta yangu?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwambia niliikwangua. Akapitisha kidole juu ya karatasi. Nikatoa wino, nikataka kufuta miji yote na kuandika Dar es Salaam pale penye sauti.

"Usiandike mji," akasema. "Mji sijafika. Chora hivi." Kwa kidole akachora mavumbini mistari miwili iliyokutana na mmoja unaoikata. Mzee akanong'ona kwamba ni alama waliyochomwa ng'ombe wa marehemu baba yake.

Nikaichora. Mstari haukupinda.

"Na huku pengine penye sauti, niandike nini, mama?"

"Hao siwajui. Waache."

Saa saba ilipofika, matangazo yakaanza. Hapakuwa na lake tena, lakini alisikiliza vifo vya watu wote mpaka cha mwisho, akitikisa kichwa kila jina la kijiji lilipotajwa. Mimi nilisimama, sikujua kama niondoke au nikae. Yalipokwisha, aliingia ndani akaleta maziwa ya mgando katika kibuyu, akanipa. Hakunitazama. Nilikunywa yote. Alipokea kibuyu akarudi kwenye redio yake, na mzee akanisindikiza kwenye lori.

Miaka miwili sasa najiuliza, na shemeji akiulizwa hucheka tu. Wenye ng'ombe mtakaosoma haya, au yeyote aliyewahi kukosewa hivi, naomba mniandikie, hata mistari miwili. Mtu akikupa maziwa huku ameangalia pembeni, amekusamehe, au amekupa tu kwa kuwa wewe ni mgeni? Nitasoma polepole, lakini nitasoma.