Ziwa Lililoinama

Juzi ndege ndogo tuliyopanda iliingia ukunguni juu ya ziwa, nami nikamkumbuka baba, fundi wa ndege, mchana ule wa utoto wangu aliponikalisha kwenye kiti cha rubani uwanjani Mwanza.

Kulinuka mafuta na viti vilivyopigwa na jua. Injini ilikuwa imezimwa, baba aliwasha umeme tu, na ndani ya dashibodi kitu kikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Kwenye kioo cha duara kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala au imenyooka, mstari unaotenganisha anga na maji ukalala kushoto, polepole, wenyewe, na ndege imesimama.

“Baba, ziwa linamwagika! Bibi yuko ng’ambo, Kamanga!”

“Ziwa halijambo, mama,” alinijibu. “Kigurudumu kinachozunguka humu kimechakaa, kinadanganya.” Akamgeukia rubani aliyesimama mlangoni. “Hii hairuki leo.”

“Mbona kweupe, fundi? Nitaangalia nje.”

“Ukiingia mawinguni utaangalia nini?”

Mimi sikumwamini baba. Niliposhuka nililitazama ziwa, nikaliona kweli limeinama.

Juzi ukungu ulipoachia, nikiwa nimekaa wima, mwili wote ukiniapia kwamba tumenyooka, ziwa lilikuwa limesimama dirishani kama ukuta, limeelemea Kamanga.