Hodi ya Tatu

Mwaka niliotoka chuo cha ualimu nilirudi kwetu Msambweni, na alasiri nyingi nilizimaliza uani kwa bibi mmoja wa Kimakonde, tukisuka makuti. Alikuwa amevuka Ruvuma zamani, akimfuata mumewe aliyekuja kukata miwa shambani. Wanawake waliokuja baada yake walianzia kwake. Aliwafundisha kusuka, na huku vidole vikienda aliwafundisha na mengine: wateke maji kisima gani, mkunga yupi hatazicheka chale zao za usoni, mzee wa mtaa huamkiwaje.

Mimi, mwenyeji, nilipewa somo la hodi.

"Piga mara tatu," niliwaambia. "Usichungulie. Ikipita ya tatu bila jibu, ondoka. Kuzidisha ni utovu wa adabu."

"Na kama mwenyewe yumo ndani?" aliuliza mgeni kuliko wote. Mumewe alikuwa amefariki majuma machache nyuma, na msimamizi wa shamba alikitaka chumba chao ampe kibarua mwingine.

"Akiwamo ataitika."

Bibi akacheka. "Mwalimu huyu? Ukimuuliza jina lake ataomba siku mbili afikiri."

Tulicheka sote. Kisha nikakaa juma zima nikijiuliza alikuwa na maana gani.

Mjane yule alihitaji kiwanja cha kujenga kibanda. Mzee wa mtaa alikuwa radhi kumsikiliza, ila kwa desturi yetu mgeni hasikilizwi peke yake, sharti mzaliwa wa pale asimame naye na kusema, "Huyu ni wangu." Bibi, pamoja na miaka yake yote, bado alihesabiwa mgeni. Nikasema nitasimama mimi. Ijumaa, baada ya sala, anipitie nyumbani.

Ijumaa ikafika nami nikaanza kufikiri. Nikiulizwa namjua tangu lini? Akikosana na majirani, si nitaitwa mimi? Bara kulikuwa na Hali ya Hatari, watu wanakaguliwa vipande vyao vya utambulisho. Shuleni wangesemaje juu ya mwalimu mpya anayewadhamini wageni? Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, buibui mkononi, niliposikia:

"Hodi."

Sauti ya wastani, kama nilivyomfundisha. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nipange nitakaloanza nalo kwa mzee.

"Hodi."

Ndara zangu zilikuwa nje mlangoni, mbele ya macho yake.

"Hodi, mwalimu."

Nililikunjua buibui, nikalikunja tena. Nikasikia nyayo zikiondoka, taratibu. Hakuchungulia.

Nilipotoka mbio, njia ilikuwa tupu. Alikuwa amekwenda kwa mzee peke yake, akaambiwa arudi na mwenyeji wake. Hakurudi. Jumatatu chumba cha shambani kilikuwa na mtu mwingine, na yeye hakuonekana tena. Wapo waliosema ameshika njia ya Vanga kurudi kwao, kwa miguu.

Nilimweleza bibi ukweli wote. Hakunigombeza. Alisuka mpaka mwisho wa kuti lake, akasema, "Ulimfundisha vizuri, mwalimu."

Kesho yake walikuja wageni wawili. Nami nimekaa papo hapo, bibi akawaambia, "Mkiona viatu nje, endeleeni kupiga."

Hadi leo, mchana siufungi mlango wangu. Hata hivyo, Ijumaa watu wakisharudi kutoka msikitini, huisikia ile ya kwanza, kisha ya pili, nami huitika upesi, kwa sauti kubwa: "Karibu! Karibu ndani!"

Na jirani huniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Shoga, umepata mgeni?"