Niliiwekea simu yangu limit ya data, asubuhi nikamwambia mama kuko kimya

Wakuu, kwema huko?

Naandika nikiwa Butembo, mvua inanyesha, umeme hakuna na betri imebaki nusu, kwa hiyo nikikatika ghafla msinishangae.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za kubana matumizi ya data. Nimewahi hata kuchangia, tena kwa mbwembwe. Leo naleta yaliyonikuta mimi mwenyewe na hizo mbinu. Chumvi sijaongeza, na mahali pa aibu nimepaacha palivyo. Kiswahili changu cha Kongo mtakivumilia.

Mimi nina kijiduka cha fotokopi na kuchapa barua, huku tunakiita secrétariat. Barua za kuomba kazi, matangazo ya harusi, ratiba za ibada, vyote vinapita mikononi mwangu. Basi mtaani nimekuwa fundi wa kila kitu chenye skrini. Simu ya mtu ikiganda, inaletwa kwangu.

Na kitu kilichokuwa kinanikera kuliko vyote ni mega. Data huku tunaiita mega. Unanunua forfait, yaani bando, ya mwezi, wiki mbili tu unaambiwa imeisha. Imeenda wapi? Hakuna anayejua.

Siku moja nikachoka. Nikaingia settings, nikafungua data usage, nikakuta app moja ya video inakula mega nikiwa nimelala fofofo. Hasira zilizonipanda hapo! Nikaikata background. Nikazima picha na video kujipakua zenyewe. Nikazima update. Nikawasha data saver.

Mwisho nikaweka limit. Yaani matumizi yakifika kiwango nilichopanga, simu inazima data yenyewe bila kuniuliza.

Wakuu, niliipenda ile grafu kupita kiasi. Nilikuwa naifungua hata kanisani mchungaji akihubiri. Dada yangu Masika anaishi Beni, na kila asubuhi alikuwa ananitumia picha ya maua yenye mstari wa Biblia. Nikampigia kumgombeza kwamba maua yake yananilia mega. Alicheka, akasema, "Yaya, uko na ubahili mupaka ya maua?" Yaya huku ni kaka mkubwa.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa.

Mama yetu anaishi Kalunguta. Ni mkulima, maharage na mihogo, analima pamoja na akina mama wenzake sita wa kanisa. Lakini huku shamba si mahali pa kuamka na kwenda tu. Wenye silaha wanaweza kuwa wamepita, au wako humo humo. Kwanza unauliza kuko namna gani. Ukiambiwa kimya, unachukua jembe.

Habari hizo tunazipata kwenye group la WhatsApp. Wamo madereva wa pikipiki, wafanyabiashara, wakulima. Mtu akisikia risasi au akiona watu wanakimbia, anarekodi sauti fupi na kuituma. Admin ni dereva wa pikipiki anaitwa Kasereka, kijana makini sana.

Mama ana simu ndogo ya vitufe, haina hayo mambo. Kwa hiyo sikio lake lilikuwa mimi. Kila siku ya shamba, saa kumi na moja na nusu alfajiri ananibipu. Nafungua group, nasikiliza, kisha nampigia kumwambia.

Tulifanya hivyo miaka.

Hapa ndipo ujanja wangu ulipoingia. Group lile lilikuwa limejaa bonjour, maua, na maombi ya dakika tatu tatu. Unatafuta habari ya njia, unakutana na kwaya. Nikaandika pendekezo: kama hakuna kitu, mtu asiandike kitu. Group likiwa kimya, tujue ni salama. Mega za watu zitapona.

Kasereka akakubali. Watu wakanimwagia vidole gumba. Nilijiona mbunge.

Na kweli ilifanya kazi. Wiki kadhaa group likawa safi, ukiona ujumbe unajua ni jambo la maana.

Sasa siku yenyewe.

Jana yake alasiri alikuja mteja, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Kinshasa. Mtu wa heshima, kompyuta yake begani, alitaka kutuma ripoti. Nikamwashia hotspot ya simu yangu. Ripoti yenyewe ilikuwa kurasa nne.

Kumbe ile kompyuta ilikuwa haijaona intaneti siku nyingi. Ilipopata njia ikaanza kuvuta update zake zote, mimi na yeye tumekaa tunabishana kuhusu rangi ya bahasha. Simu yangu ikatoa onyo juu ya skrini. Nikalifuta kwa kidole bila kulisoma. Mimi huyu, fundi!

Akashukuru, akaenda. Nikafunga duka, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala mapema.

Alfajiri mama akabipu kama kawaida. Nikafungua group nikiwa bado na usingizi. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa jana mchana, mtu anauliza kama daraja limetengenezwa. Baada ya hapo hakuna.

Nikampigia. Kupiga hakuhitaji data, simu ikaenda vizuri tu.

"Papa, kuko namna gani leo?" Mama huniita papa, ndivyo mama wa huku wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Kuko kimya, mama. Muende tu."

"Umesikiliza bien?"

"Nimesikiliza, mama. Hakuna kitu."

"Wasingya, papa. Acha niambie na benzangu, banangojea."

Wasingya ni asante kwa Kinande. Nikajifunika tena shuka.

Saa mbili na kitu niko dukani, akaingia dada mmoja kuchapisha tangazo la harusi. Tukiwa tunapanga majina ya wazazi akasema, "Pole na mambo ya Kalunguta. Njo kwenu, hapana?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba kwetu kuko kimya.

Akaniangalia vibaya. Akatoa simu yake, akabonyeza sauti ya Kasereka. Naikumbuka neno kwa neno.

"Bandugu, musishuke mashamba leo! Batu banakimbia, risasi inalia kule chini! Mama yeyote mwenye iko njiani arudie! Tafazali, mupigie batu benu!"

Ilikuwa imetumwa saa kumi na moja kasoro. Kabla mama hajanibipu.

Nilichukua simu yangu. Nikakuta pale juu imeandikwa kwamba data imezimwa kwa sababu limit imefikiwa. Nikaiondoa limit. Zikaanza kuingia, sauti moja, tano, ishirini, simu inatetemeka mezani haiachi. Kumbe group lilikuwa linapiga kelele tangu alfajiri, kimya kilikuwa kwangu peke yangu.

Nikampigia mama. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Sikufunga hata duka, nilimwachia yule dada funguo, mtu nisiyemjua jina. Nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa napiga, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, mwingine simu. Dereva alinigombeza mara mbili kwamba nitamwangusha. Nilihesabu baadaye, nilikuwa nimepiga zaidi ya mara arobaini.

Kwenye barrière ya wanajeshi tukasimamishwa.

"Grand, zonga," mwanajeshi akaniambia, yaani nirudi. "Hapa hakuna kupita."

"Chef, mama yangu iko kule."

"Mama ya kila mutu iko kule."

Hakusema kwa ubaya. Alionyesha pembeni, nikaona watu wamekaa kwenye majani, wengine wamesimama, wote wanatazama upande mmoja. Nikaenda kusimama nao.

Wakuu, kungojea kule sijui nikuelezeni vipi. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mpaka kwenye kizuizi, nikarudi. Nilifungua ile grafu ya data bila kujua naifungulia nini. Mtu akasema wameonekana wanawake wawili, wote tukakimbia, hawakuwa wa kwetu. Nilijaribu kuomba, nikashindwa, maana kila nikifumba macho nilijisikia mwenyewe nikisema "muende tu".

Kuelekea saa sita wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wawili wawili. Wenzake mama wawili wakatokea. Mmoja alikuwa anachechemea, mguu umechanika kwa kukimbia. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema walitawanyika, yeye alishuka kuelekea mtoni. Kisha akanitazama, akaniuliza, "Si ulisema kuko kimya?"

Nilijifanya naangalia barabara.

Mama alitoka saa tisa alasiri, wa mwisho katika wale saba. Kiatu kimoja hakuna, jembe hakuna, kitenge kimelowa matope mpaka kiunoni. Alikuwa anatembea polepole kama mtu aliyetoka sokoni. Mimi ndiye niliyelia.

Nilimwambia nilipiga simu mpaka basi, kwa nini haikupatikana. Akaitoa kifuani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Niliizima," akasema. "Tulikuwa tumelala mu mihogo, benye bunduki banapita karibu. Nilijua utapiga."

Wakuu, hebu fikirini. Mara arobaini na kitu. Ingelia hata mara moja tu.

Nilitaka kunyamaza. Naapa nilitaka kunyamaza, niseme labda habari ilichelewa kutumwa. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeshasema "nimesikiliza", na sikuwa nimesikiliza. Nikamweleza yote palepale barabarani, limit, hotspot, onyo nililolifuta.

Hakuelewa habari za limit. Alielewa moja tu.

"Donc haukusikia kitu."

"Ndiyo, mama."

"Miye niliambia bamama, mutoto wangu amesikiliza. Banabeba majembe juu ya hiyo neno."

Akaomba maji. Neno hilo hajawahi kulirudia mpaka leo.

Kesho yake niliandika kwenye group, kila kitu, nikaomba msamaha kwa wale saba. Wapo walionitukana, na haki yao. Mzee mmoja akaandika, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Ile sheria yangu tukaifuta. Sasa kila alfajiri Kasereka au mwenzake lazima aseme kwa sauti: niko hapa, leo tarehe fulani, njia iko hivi. Pasipo sauti hiyo, hakuna anayeshuka shamba, hata jua liwake namna gani.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi msibane data. Mega ni ghali na mimi bado nabana. App ya video bado nimeikata, sina huruma nayo. Lakini limit ya kuzima kila kitu nimeiondoa, nimebakiza lile onyo tu, na onyo nalisoma. Mtu akitaka hotspot, kwanza nauliza kompyuta yake ina njaa ya tangu lini. Na kila nikiamka natuma neno moja kwenye group, nangoja niione alama kwamba limefika, ndiyo nianze kuamini ninachokiona.

Funzo langu ni hilo, na limenigharimu. Ukiifunga simu yako mdomo, usije ukawaambia watu dunia imenyamaza. Na kama kuna mtu anategemea masikio yako, usimwambie umesikia wakati umeangalia tu.

Wenye simu zinazoweza kuiacha app moja tu ipite hata limit ikifika, nielekezeni mnafanyaje, yangu sijaiona sehemu hiyo. Na kama yuko humu aliyewahi kumpa mtu wake habari ya uhakika ambayo hakuwa nayo, aje anieleze waliishije baadaye. Wa kutukana nao waje, nitasoma zote.

Mama mzima. Jumapili alinipikia sombe, yaani kisamvu, tukala, tukacheka. Amepata jembe lingine, na shambani amesharudi.

Ila siku hizi alfajiri anambipu Masika kule Beni. Masika ndiye anayemsikilizia, na mimi nimeyajua hayo kwa Masika, mama mwenyewe hajaniambia. Saa kumi na moja na nusu huwa niko macho, data imewashwa, sauti zote nimeshazisikiliza, na simu hailii.