Nyumba ya eco Shella iliyokuwa baridi kila tukienda kuiona

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe hapa Malindi, sikuhadithiwa na mtu, na chumvi sitatia.

Mamangu ana pressure. Nyumba tunayopanga ni ya mabati, na joto la kaskazi limemlaza kitandani si mara moja. Daktari alisema wazi, mama akae pahali pa baridi. AC siiwezi, tokeni zake za umeme zitanitoa roho.

Kwa hivyo nilipoona tangazo la nyumba ya kupanga Shella, "eco, haili umeme", niliruka. Paa la makuti, madirisha mapana.

Bei ilizidi ya majirani. Dalali akasema tofauti hiyo ndiyo baridi yenyewe, nitairudisha kwenye umeme. Akanionyesha na meseji za tokeni za mwenye nyumba, na kweli alikuwa akinunua kidogo sana.

Nikaenda viewing. Saa nane mchana, na ndani baridi kama mtungini.

Lakini mimi ni mtu wa shaka, mke wangu husema hata chai naikagua. Nilipoingia mlangoni tone la maji lilinidondokea shingoni, nikadhani ni ndege. Jikoni hamna hata sufuria, sasa tokeni zingeliwa na nani? Na mbona dalali alisisitiza nimpigie simu kabla sijafika?

Nikarudi na mama, simu nikiwa nimepiga kama nilivyoambiwa. Aliipenda papo hapo. Akavua viatu, akagusa ukuta, akatabasamu. Roho iliniuma, maana nilitaka sana iwe kweli.

Mara Alasiri ikaadhiniwa.

"Baba, niazime kona niswali," akamwambia dalali.

"Mama, msikiti si mbali, nitakupeleka na gari."

"Mimi huswali nyumbani, baba. Nitie udhu wapi?"

Kwetu pwani mgeni hanyimwi pahali pa kuswali. Dalali akamwonyesha bafu, shingo upande.

Mama akafungua bomba. Likakohoa, kisha kimya. Dalali akakimbilia gari kuleta maji ya chupa.

Mimi nikazunguka nyuma. Mpira wa maji ulikuwa umetoka kwenye tangi ukapanda mpaka juu ya paa. Nikagonga tangi, tupu. Makuti yalikuwa yakichuruzika, na mvua hatujaiona wiki nyingi. Kumbe kila mgeni akipiga simu, paa linaogeshwa.

Mama aliswali, akaleta na uradi mrefu, hana haraka. Jua likakausha makuti, ndani mvuke ukatanda. Alipokunja mswala leso yake ilikuwa imelowa jasho.

"Twende, mwanangu. Baridi ya hapa ni ya wageni."

Nilimkabili dalali kwa hasira. Hakuona haya hata kidogo. Alisema tukihamia hata sisi tunaweza kulimwagia paa maji.

Nilichojifunza: nyumba ya aina hii usiende kwa miadi, na ukiingia kaa mpaka wakuchoke. Na meseji za tokeni za nyumba isiyokaliwa zisikudanganye.

Wakuu wa Kilifi, Magarini na kwengineko, nyinyi huijuaje nyumba iliyo baridi kikweli? Nifundisheni, bado tuko kwenye mabati na mama anazidi kudhoofika.

Kesho tunakwenda kuona nyingine. Mama ameshasema Alasiri ataiswali huko huko.