Taa za Gari la Nyundo

Mume wangu wanamwita Nyundo. Jina alilipata kwenye kibanda chake cha matairi, kwa jinsi anavyolipiga tairi mpaka linaachia ringi lenyewe kwa woga. Nyumbani ni huyo huyo. Bomba la jikoni hulifunga mpaka mimi nashindwa kulifungua. Mlango wa chooni umebadilishwa bawaba sijui mara ngapi. Akikupa mkono wa salamu, unabaki unavikagua vidole. Watu husema ni mtu wa nguvu na mwenye moyo mweupe. Sibishi, ila wao hawajawahi kubebeshwa kosa lake.

Kitu kimoja tu hukishika kwa upole: gari aliloachiwa na baba yake. Ni gari la zamani, la bluu, lenye taa mbili za mviringo nyuma, na kwa umri limenishinda mimi. Kila Jumapili hulisugua kwa fulana laini, na ole wako uweke kikombe juu ya boneti. Alinifundisha kuliendesha mwenyewe, zamani, alipokuwa anataka mtaa mzima uone mke wake kashika usukani.

Kisha ikatokea ajali. Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki. Mbele watu walikuwa wanavuka barabara, nikapunguza mwendo taratibu, nikasimama. Pikapu iliyokuwa nyuma ikatuingia kwenye buti. Mama mkwe akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo. Dereva wa pikapu alishuka akipiga kelele kwamba nimesimama bila taa. Nikasema breki nimekanyaga. Nyundo alipofika aliingia kwenye gari hilo hilo, buti limebonyea katikati na taa za pembeni zimesalimika, akakanyaga breki mbele ya umati. Zikawaka zote mbili.

"Zinawaka," akasema. Hakuniangalia.

Basi, kesi ikaishia hapo. Ikawa sikukanyaga, ikawa nilikuwa nazubaa. Ufunguo ukahamia mfukoni mwake. Wifi yangu, dada yake, akaanza kuniita Dereva. Kila akija kumwona mama yake husema kwa sauti ya kunifikia jikoni, "Dereva hajambo? Leo kapumzika kuvunja watu?" Na Nyundo hucheka. Huyo mama mkwe nimemwogesha mimi, nimemgeuza kitandani mimi, huku kanishika bega ananiambia, "Polepole, usije ukanimalizia." Mara mbili nilimwomba Nyundo gari liangaliwe na fundi. Mara zote mbili aliketi yeye, akakanyaga yeye, taa zikawaka.

"Unataka gari liseme uongo ili wewe uwe mkweli?" aliniuliza.

Nikarudi jikoni. Taa zilikuwa zinawaka kweli.

Sasa mwaka huu binti yetu mkubwa kapata kazi, na baba yake akampa ufunguo. Wiki ile ile karudi nyumbani anasimulia kabla hajakaa. Pikipiki nusura imvae kwa nyuma, na mwenye pikipiki kamfuata dirishani anamtukana kwamba hakuonyesha taa. Nyundo alikuwa anakula. Akatoka nje na tonge mdomoni, akaketi, akakanyaga, zikawaka. Akarudi mezani.

"Mguu wa mama yako huo," akamwambia. "Lete ufunguo."

La kwangu nilikuwa nimelimeza. La mwanangu lilinikwama. Binti alipouweka ufunguo mezani, niliuchukua kabla mkono wa baba yake haujafika, nikampigia simu Shoti, fundi umeme wa magari na rafiki yake Nyundo, kisha nikakaa mlangoni mpaka akaja na kisanduku chake.

Shoti alifungua taa za nyuma, akatoa balbu, akasugua vitako vyake kwa msasa. Akaangalia fyuzi. Akaufuata waya chini ya zulia mpaka kwenye buti, akaupima kwa testa. Kila kitu kizima. Nyundo akaingia, gari likatikisika, akakanyaga.

"Zinawaka, shemeji," Shoti akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba.

"Mshushe huyo."

"Nani, mimi?" Nyundo akauliza.

"Shuka, baba watoto. Kila siku unapima wewe, na siku ya ajali hukuwemo."

Nikaketi. Kiti kile sikuwa nimekikalia tangu siku ya kliniki. Nikakanyaga kama ninavyokanyaga barabarani, kama mtu aliyebeba mgonjwa nyuma.

"Bado," Shoti akasema.

"Nimekanyaga."

"Ongeza, shemeji."

"Siongezi. Nimetoa gia na breki ya mkono. Lisukumeni."

Wakasukuma wote wawili. Nyundo, mtu wa kunyanyua tairi la lori peke yake, mishipa ikamtoka shingoni. Gari halikusogea hata kidogo. Breki zimeshika, na taa giza.

"Hebu nyamazeni kwanza," Shoti akasema, na hakuna aliyekuwa anaongea.

Alifungua boneti, akainama kwa muda, akainuka na kidude cha chuma kama kizibo, kimeota kutu.

"Magari ya siku hizi swichi ya taa iko kwenye pedeli," akasema. "Hili yake imefungwa kwenye bomba la mafuta ya breki. Ukikanyaga, mafuta yanaisukuma, inawasha taa. Hii imechoka, inataka nguvu nyingi. Inamtaka Nyundo. Mtu akikanyaga kistaarabu, gari linasimama na taa hazina habari."

"Tangu lini?"

"Kutu hii si ya jana, shemeji."

Akaenda dukani akarudi na mpya, akaifunga, akaongeza mafuta, akatoa upepo kwenye mabomba. Binti yangu akaibonyeza pedeli kwa kiganja tu, taa zikawaka. Nyundo alikuwa anajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Haya, yamekwisha," akasema. "Mama watoto, leo hakuna chai?"

Chai.

"Shoti, irudishe ile ya zamani," nikasema.

"Shemeji, nimeshatoa upepo mimi."

"Utautoa tena. Irudishe."

Aliponitazama usoni alichukua spana.

Nikaingia ndani nikamwinua mama mkwe, nikamtoa nje na kiti chake, nikamkalisha nyuma ya gari, kwa mbali. Nikamwambia Nyundo aingie, akanyage polepole. Akakanyaga, zikawaka. "Polepole." Zikawaka tena. Hajui kufanya kitu polepole mtu huyu. Ilibidi niiname dirishani.

"Kanyaga kama unavyolisugua boneti," nikamwambia.

Hapo akaweza. Shoti akasukuma, gari likagoma.

"Mama, unaona nini?" nikamwuliza mama mkwe.

"Sioni kitu."

"Mwenye pikapu aliona hicho hicho. Mwulize mwanao kama amekanyaga."

Akamwuliza. Nyundo alikuwa kakamata usukani, anatazama ukuta.

"Nimekanyaga, mama."

"Sasa mbona ulituambia zinawaka?"

"Zilikuwa zinawaka."

"Kwako wewe," mama mkwe akasema. Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikamwinua, maana nani mwingine angemwinua. Njia nzima mpaka kitandani alinishika bega, na safari hii hakuniambia polepole. Samahani pia hakusema. Nilikuwa naingojea.

Wifi alikuja Jumamosi. "Dereva hajambo?" akaanza, hata viatu hajavua. Nikamletea chai, na kwenye sahani, kando ya kikombe, nikaweka ile swichi yenye kutu, ambayo Shoti aliitoa tena siku ile ile na kufunga mpya.

"Ndiyo nini hiki?"

"Mwulize kaka yako," nikasema. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yao. Nyundo akakohoa, akatazama mlango, akaona binti yake kasimama pale. Akaanza kusimulia. Alisimulia yote, toka siku ya kliniki, na kila aliporuka mahali, nilimrudisha.