Fundi Anayeshona Amesimama

Waseme wanavyosema. Mume wangu hana ugonjwa wa zinaa, na mimi sikumletea.

Ni fundi cherehani, mshona suruali. Karakanani kwao kuna desturi mbaya: ukiinuka, kazi iliyo mezani kwako anaichukua jirani, na ujira wake pia. Basi mafundi hawanywi maji kutwa, wasije wakabanwa na haja. Mume wangu ndiye bingwa wao wa kujibana. Mwisho mkojo ukaanza kumchoma, kinena kikamuuma, kukaa ikawa adhabu. Duka la dawa likampa vidonge vya kuua vijidudu. Akarudia, akarudia tena, maumivu yako palepale.

Wifi yangu akaja na lake. "Haya mambo hayaji yenyewe. Wewe sokoni unakwenda na nani?"

"Na kikapu," nikamjibu. Niliumia, sifichi. Nikamburura mume wangu hospitali, tukapimwa wote wawili. Mimi mzima. Yeye, vijidudu hakuna hata kimoja.

"Tezi dume yako imevimba, baba," akasema daktari, binti mdogo tu. "Kinachokuunguza ni chembe za kinga za mwili wako mwenyewe. Zilikuja kupigana, zimekataa kuondoka. Zinaitana, zinazidi kujaa, zinaumiza nyama nzima."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mume wangu akasema, akacheka kidogo.

"Basi acha vile vidonge. Nitakupa vya kutuliza uvimbe. Kunywa maji, usijibane, usikae kutwa. Itachukua muda, na inaweza kurudi."

Asikae! Mwambie hivyo fundi cherehani. Lakini kesho yake aliinua cherehani yake ya umeme juu ya matofali, akashona amesimama. Nilikuwa mlangoni, nimempelekea maji, msimamizi alipomjia.

"Hapa unakaa au unatoka."

Mume wangu ni mpole, hata kuku hamfukuzi. Siku ile alizima mashine.

"Tezi dume yangu inaungua, mkubwa. Sikai. Nikibanwa nitakwenda chooni, na kazi yangu nitaikuta. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Liwalo na liwe."

Nami nikajisemea, leo tunalala njaa, na tulale.

Jirani yake, yule hodari wa kunyakua kazi za wenzake, akaweka mkasi chini, akampita msimamizi, akaelekea chooni. Akafuata mwingine, kisha wawili kwa pamoja. Suruali zao zilibaki mezani nusunusu, na hakuna aliyenyoosha mkono.